Kisu cha Kambini: Anza na Mpini, Makali Yatafuata

Mteja akipokea kisu, jambo la kwanza ni kupapasa makali kwa kidole gumba. Tunamwelewa, ila hata kisu duni hunoleka kikakata karatasi. Visu vinavyorudi kwetu vimevunjika, vingi vimekatikia pale ubapa unapoingia kwenye mpini, na hapo ndipo mnunuzi hakupatazama.

Ndani ya mpini umefichwa msuka, ule mkia wa chuma unaoshikilia kisu kizima. Msuka ulio imara zaidi una upana wa mpini wenyewe na unafika hadi mwisho wake. Vipande viwili vya mbao au plastiki ngumu hubanwa kwa ribiti huku na huku, kwa hiyo ukikitazama kisu kutoka juu unaona mstari wa chuma katikati ya mpini. Ukitaka kupasua vijiti vya kuni kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gogo, nunua cha aina hii.

Msuka mwembamba uliochomekwa tu ndani ya mpini nao usiudharau. Puukko, kisu cha asili cha Finland, kwa kawaida kina msuka wa namna hiyo, na kwa kuchonga mti hakina mpinzani wa karibu: ni chepesi, na mkono haugusi chuma wakati wa baridi. Kazi ya kugongwa ndiyo hakiwezi.

Halafu kuna vile vyenye mpini mtupu ndani, dira kwenye kifuniko, ndoano na viberiti tumboni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ubapa umeshikizwa kwa kipande kifupi cha chuma, na vingi hulegea upesi. Dira nunua peke yake.

Kuhusu ukubwa, wengi huzidisha. Ubapa wa sentimita 10 hadi 13 wenye mgongo wa milimita 3 au 4 unatosha karibu kila kazi ya kambini. Cha sentimita 20 kinapendeza kiunoni, lakini jaribu kukitumia kutoboa tundu kwenye kigingi cha hema uone. Ukiwa na matawi manene ya kukata, beba shoka dogo au panga.

Swali tunaloulizwa kila siku ni la kutu. Chuma cha kaboni, kama kile kinachoitwa 1095 (kina kaboni ya takriban asilimia 0.95), hunoleka kwa urahisi hata porini. Lakini kikilala na unyevu usiku mmoja, asubuhi unakuta madoa. Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, na jina lake limetiwa chumvi kidogo: nacho hushika, ila kwa kuchelewa. Anayekwenda pwani, au anayejijua kuwa mvivu wa kupangusa, achukue hicho. Ugumu wa visu vya kambini mara nyingi ni kati ya 56 na 60 kwa kipimo cha Rockwell. Ukizidi sana, makali hudumu lakini humeguka kirahisi.

Mgongo wenye kona kali za mraba ni faida ndogo inayosahaulika. Unaweza kukwaruzia kijiti cha kuwashia moto kwa cheche bila kuharibu makali.

Sasa kishike. Kifumbate kwa dakika chache kama unayechonga, kisha lowesha mkono urudie. Mpini ukiteleza, au ukikubana penye kiungo cha kidole, hutaupenda baada ya nusu saa ya kazi. Rangi ya chungwa wengine huiona ya kitoto, mpaka kisu kianguke kwenye nyasi ndefu jioni.

Ala nayo ikaguliwe: kisu kikiwa ndani, igeuze juu chini uitikise kwa uangalifu. Kikichomoka, usinunue. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kubebea, si kwa kuhifadhia miezi mingi, kwa sababu ngozi hutunza unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha zinaweza kula chuma. Nyumbani kipake mafuta kidogo, ukiweke nje ya ala, mahali ambapo watoto hawafiki.

Kabla ya safari, angalia sheria ya unakokwenda, maana urefu unaoruhusiwa kubebwa hutofautiana. Kwenye ndege kiweke katika mzigo unaokabidhiwa, kamwe si katika begi la mkononi.