Barua ya wazi kwa Meya wa Saint-Louis, Senegal: pandeni mapaani kabla ya mvua

Mheshimiwa Meya,

Assalaam alaykum kutoka Mji Mkongwe, Unguja. Hatujuani, ila miji yetu iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka mmoja, 2000. Basi nichukulie kama jirani aliyechungulia uani.

Kisiwa chenu, Ndar kama mnavyokiita wenyewe, kimelala ndani ya Mto Senegal, urefu kilomita 2 na ushei, upana mita 400 hivi. Wafaransa walijenga hapo mwaka 1659. Makao makuu ya utawala yalihamia Dakar, lakini roshani za mbao na mila zimebaki. Mwisho wa mwaka mnatembeza fanal. Husimuliwa kwamba desturi hiyo ilianza na signares, wale wanawake matajiri wa biashara, walipokwenda kanisani usiku wa Krismasi wakitanguliwa na wabeba taa. Fanal ndiyo fanusi yetu sisi. Neno lilitoka kwa Wagiriki likapita njia mbili, moja kwenu, moja kwetu. Na kila tarehe 5 Septemba Wamuridi, wafuasi wa tarika ya Sheikh Ahmadou Bamba, hufurika kuswali rakaa mbili, kuzikumbuka zile ambazo Sheikh huyo aliziswali ndani ya ofisi ya gavana mwaka 1895, kabla ya kupelekwa uhamishoni Gabon. Mji huohuo, mtaa huohuo. Mimi hapo ndipo ninapowahusudu.

Najua bahari inawanyima usingizi. Mwaka 2003 ulichimbwa mfereji wa mita 4 tu kwenye ulimi wa mchanga ili mafuriko ya mto yapate pa kutokea. Bahari ikaupanua ukawa wa kilomita kadhaa, vijiji vikaenda na maji. Hilo lina wataalamu wake. Mimi naandika kwa ajili ya milizamu, ile mifereji ya kutolea maji ya mvua paani.

Kwetu mlizamu uliziba kwa kiota cha kunguru. Masika mawili tu, ukuta wa chumbani ukavimba kama andazi. Niliugusa kwa kidole, chokaa ikaniporomokea kiganjani, mbichi, ina harufu ya kisima. Fundi akaja na mfuko wa saruji. Mzee wa barazani akamfukuza: saruji hufungia unyevu ndani, ukuta wa mawe na chokaa ukaoza ukiwa umependeza nje. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafa. Tulikuwa tukipita chini yake kila siku tukienda Forodhani.

Basi ombi langu, Mheshimiwa: kabla mvua za Julai hazijashika, watu wapande kila paa kisiwani, hata la nyumba iliyofungwa, wazibue milizamu. Na penye ufa, chokaa, si saruji. Mkikosa fundi wa chokaa, tunao huku. Mlipieni nauli na wali wenu wa samaki.

Wako,
Mkaazi wa Mkunazini, Unguja