Ile Siagi Uliyoniambia

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima, na kile kidole ulichojikata kimeshapona. Sisi huku hatujambo. Juzi nilifanya jambo usilolitarajia kwangu: nilikwenda peke yangu kula kwenye mgahawa mpya wa Kifaransa uliofunguliwa katikati ya jiji. Kuta bado zinanuka rangi, na vitambaa vya meza vyeupe hata nikaogopa kuwekea mikono.

Sikupelekwa na njaa. Nilitaka kukiona hicho kilichokufanya uache chuo ukajifunze upishi wa Kifaransa.

Nilianza kwa kuaibika. Kwenye orodha niliona neno entrée, nikadhani ndicho chakula chenyewe, maana Wamarekani hulitumia hivyo. Kumbe kwa Wafaransa ni cha kufungulia tu. Ikaja bakuli ndogo ya supu ya vitunguu, imefunikwa mkate na jibini iliyoungulia juu, nikamuuliza mhudumu, "Ndiyo imekwisha?" Kijana wa watu akajikaza asicheke. Tena akaniuliza kama nitataka soufflé, kile chakula cha mayai kinachoumuka, na mimi hata kijiko sijashika! Akanieleza kuwa huagizwa mapema, kwa sababu inaumuliwa na hewa iliyonaswa ndani ya ute wa mayai uliopigwa, na ikishatoka kwenye oveni haimsubiri mtu.

Halafu akaja samaki. Sole meunière, samaki bapa aliyepakwa unga kidogo na kukaangwa kwa siagi, akakamuliwa limau. Aliletwa mzima. Mhudumu akamfungua kwa kijiko na uma palepale mbele yangu, akanyanyua uti wote wa mgongo kama mtu anayechomoa kitana nywelani. Lakini kilichoninyamazisha ni siagi yake. Ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, inanukia kama karanga zilizokaangwa, wala haina uchungu wa kuungua hata chembe.

Ndipo nikakumbuka ile simu yako. Ulilalamika kwamba wiki nzima unarudia kukaanga siagi, mara mbichi, mara nyeusi, na mpishi mkuu anaimwaga mbele ya wenzako. Nikakukatiza, nikasema siagi ni siagi, rudi nyumbani. Niwie radhi, mwanangu.

Jiko lao lina dirisha la kioo. Kila mtu ana pembe yake: wa michuzi, wa samaki, wa vitamu, na hakuna anayemgonga mwenziwe. Niliporudi nilisoma kuwa mpango huo uliwekwa na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, yule aliyechapisha kitabu cha upishi Le Guide Culinaire mwaka 1903, na kwamba aliwahi kuwa mpishi wa jeshi. Nikasema basi ndiyo maana! Mle ndani alikuwamo kijana wa rika lako akichuja mchuzi. Akauonja, akaumwaga wote, akaanza upya. Nilimtazama yeye hata chakula changu kikapoa.

Jibini sitazieleza. Moja ilinuka kuliko viatu vyako vya mpira.

Soufflé ilifika imeshalala upande mmoja. Mhudumu akataka kuirudisha jikoni, nikamkatalia, nikala hivyohivyo hadi mwisho. Nilimfikiria aliyeipiga, na atakayoambiwa ikirudi.

Sasa nijibu swali moja ukipata nafasi. Ile siagi, unajuaje saa ya kuitoa motoni? Mhudumu aliniambia nisikilize: maji yaliyomo yakishakauka, kelele hupungua, na hapo usigeuze macho. Nimesikiliza mara mbili. Sufuria zote mbili nimezificha chini ya beseni, baba yako asizione.

Mama yako