Faragha sio sawa na kuficha

Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu. Mtoto wa miaka 3 au 4 anasema chochote popote, mshahara wa baba, ugonjwa wa shangazi, ugomvi wa jana usiku, halafu anakaripiwa mbele za watu "nyamaza!" na mzazi anadhani kaeleweka. Hajaeleweka kabisa, umri huo mtoto ndo kwanza anaanza kujua kwamba mwenzake ana mawazo yake na anaumia kivyake, kwa hiyo aelekezwe mapema kabla hamjatoka, taratibu tu, kwamba pesa na afya za watu tunaongelea nyumbani, na akiwa na swali juu ya mwili wa mtu aliyemwona njiani akunong'oneze au asubiri mkifika.

Ila jamani, msimwambie "usimwambie mtu yeyote". Maneno hayohayo ndo anayatumia mtu anayemharibu mtoto! Ajue kabisa kwamba ya faragha bado anaweza kumwambia mama, baba au mtu mzima anayemwamini, na akiguswa vibaya au akiambiwa afiche aseme hapohapo, hata kama aliyemgusa ni ndugu. Na afundishwe majina halisi ya viungo vyake ili aweze kueleza.

Halafu nyie mnaoposti picha za watoto wakiogeshwa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 16, unalinda faragha yao pia. Naomba mzifute leo.

Mzazi, msomaji wenu