Barua kwa mwanangu: karatasi ya kliniki kwanza

Mwanangu,

Assalam alaikum. Naandika kwa sababu tukikaa ana kwa ana mimi hupandisha sauti na wewe huondoka. Nimempa dada yako akuletee, na nimemwambia asiisome, ingawa najua ataisoma.

Amenieleza kwamba umesaini mkataba wa sarakasi wa miezi 6 kwenye hoteli ya Shanzu, Mombasa, na nauli mmeshalipiwa. Nimefurahi. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukafika mbele ukadhani vingine. Lakini karatasi ya kliniki unayo? Usiku wa jana kwenye lindo sikuwaza kitu kingine.

Kisauni kuna kliniki ya methadoni, hiyo dawa unayokunywa badala ya unga wa heroini, na kutoka Shanzu si mbali. Tatizo ni kwamba muuguzi wa kule hakujui. Atakachokijua ni karatasi kutoka hospitali yako ya Temeke yenye jina lako, dozi yako na tarehe uliyokunywa mara ya mwisho. Bila hiyo, kwao wewe ni teja mgeni anayeomba kikombe. Mwombe daktari wako awapigie simu kabla hujafunga begi, waseme kwa mdomo wao kama watakupokea. Wakikataa, mkataba urudishe. Najua neno hilo litakuudhi.

Utasema umechoka kupanga foleni kila siku ya Mungu, unywe mbele ya mtu kama mtoto, bora uache. Kuacha kupo, lakini ni kwa kupunguziwa kidogo kidogo, miezi na miezi, daktari akikutazama. Mtu haachi kwa sababu basi limeondoka. Dawa ile inakushika siku moja. Kesho yake arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, inabisha hodi, na Mombasa kete ya unga huitafuti, yenyewe inakutafuta. Na mwili uliokaa muda bila unga hauwezi tena kipimo chake cha zamani. Wewe ulimzika mwenzako. Mimi nilimwosha.

Halafu wewe ndiye msingi wa piramidi. Mikono ikianza kukutetemeka pale chini, huanguki peke yako. Juu kabisa kuna mtoto wa watu amesimama mabegani mwa mwenzake, na mama yake yuko nyumbani anajua mwanawe yuko kazini.

Sabasaba mwaka jana nilikuja. Hukuniona, nilisimama nyuma karibu na muuza juisi ya miwa. Ulipanda viti vitano, cha sita ukakitega kikiwa kimelalia miguu miwili tu, kikatikisika, na wewe ukatulia ukakingoja kitulie. Zamani ungekirukia tu ili watu wapige kelele. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alifumba macho. Mimi sikufumba. Nilitaka kumwambia huyo ni wangu, nikashindwa.

Kungoja kiti kitulie ndilo somo la kwanza tulilopewa pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo miaka ya 1980. Sarakasi ya wakati ule ilikuwa na mkono wa wale vijana waliopelekwa China miaka ya 1960, na wao mchezo hawakuuharakisha. Mimi wewe sikukufundisha hivyo. Bega lako lilipochomoka nilikupa vidonge nilivyokuwa navyo, nikakwambia watalii wanasubiri. Vidonge viliisha, maumivu yakabaki. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Na ile pete ya marehemu mama yako, niliyokufukuzia nyumbani, ilionekana nyuma ya kabati tulipohamisha vitu mwezi wa Ramadhani. Dada yako anayo.

Urafiki wako na Afande sikuupenda tangu mwanzo. Mtu aliyekuwa akiwatimua maskani kwa rungu, leo amekatwa mguu kwa kisukari, na anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila asubuhi hadi hospitali ni wewe! Yeye chumba cha vidonda, wewe dirisha la dawa. Nilidhani anakupeleleza. Kumbe siku ile uliyogoma kwenda, alijisukuma mwenyewe kwenye kile kiti hadi mlangoni kwako, akagonga na kugonga mpaka ukatoka ukanywe dawa. Mzee wa rika langu, asiye hata ndugu yako. Mimi hata geti la ile hospitali sijawahi kulivuka.

Siku ya safari usipande basi la alfajiri, linaondoka dirisha halijafunguliwa. Kunywa kwanza ndipo uondoke, hata kama utafika kivuko cha Likoni usiku. Horohoro mpakani wanapekua, kwa hiyo karatasi iwe mfukoni, siyo begini. Toa na nakala mbili, moja umwachie dada yako.

Huku nyumbani bati la jikoni linavuja palepale, nimetega ndoo. Magodoro yako ya mazoezi kuku walikuwa wanatagia, nimeyafunika turubai. Ada ya dada yako imebaki kidogo, usihangaike nayo. Mshahara wa kwanza usinitumie, nunua bandeji ya bega na viatu vya maana, vile ulivyo navyo vimeisha soli.

Juzi nilikwenda kwa Afande. Hakuniuliza nimefuata nini, akanipisha kivulini. Nimemwambia ukiondoka nitamsukuma mimi. Lindo langu linaisha saa 12 asubuhi, nikipanda daladala ya Mbagala mapema namuwahi. Tairi la kushoto la kile kiti limelegea, nitakaza. Ila pale kwenye mtaro sijaelewa mnapitaje. Unamgeuza apite kinyumenyume au mnaweka ubao? Yeye anasema nikuulize wewe.

Nijibu hilo, na la karatasi, kabla ya Ijumaa.

Baba yako