Yah: Kuzimiwa friza la sola na kudhalilishwa mbele ya wateja ilhali nimelipa

Kwa Meneja Mkuu,
Mikopo ya Nishati ya Jua.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa mkopo wa friza, paneli na betri. Nanunua na kuuza samaki mwaloni, katika kisiwa kimojawapo cha wilaya ya Ukerewe. Heshima yenu ipo palepale, lakini haya ninayoandika nimekaa nayo kifuani wiki tatu na hayajapoa.

Jumanne tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi, ofisa wenu wa marejesho alishuka kwenye boti na kijana wa kubeba mizigo. Dukani walikuwepo wateja saba, wawili wametoka mjini Nansio. Hakunisalimia. Alipita nyuma ya meza, akachomoa nyaya, akaifungua kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli na betri, ukutani kwa bisibisi na kuitia kwenye begi. Nikampa simu asome ujumbe wa muamala: shilingi 222,000, zimelipwa tarehe 3 Aprili, siku mbili kabla ya tarehe yenu. Akaisukuma ile simu kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi, "Simu yako hainihusu, mama. Mfumo unasema wewe ni mdaiwa sugu."

Mdaiwa sugu! Marejesho 14 nimeyalipa na sijachelewa hata moja.

Tarehe 16 huduma kwa wateja wakanipigia kunijulisha kwamba malipo yangu "yameonekana", yalikuwa yamekwama upande wenu. Mimi nilikuwa nayaona kwenye simu yangu tangu tarehe 3. Utaratibu wenu wa kumpigia mteja kabla ya kumzimia friza mnaujua, mmeuandika wenyewe. Sikupigiwa. Friza lilikuwa limejizima tangu Jumapili usiku, tarehe 12. Jumatatu nikaamka jua linawaka, taa ya betri inaonyesha imejaa, na friza limezima kwa sababu mtu aliyeko mjini ameamua lizime. Siku ile nilipiga simu mara tisa. Mara zote tisa nikaambiwa nisubiri, mhudumu atakuwa nami punde.

Ndani mlikuwa na kilo 47 za sato. Kwa bei ya siku ile, 8,000 kwa kilo, ni shilingi 376,000. Jumatatu jioni nilituma mtu Nansio kufuata barafu, ile barafu ambayo nilikopa friza kwenu ili nisiinunue tena. Ilifika nusu imeshakuwa maji.

Na hilo friza lenyewe halikuwa zima hata kabla ya hapo. Tangu Februari lilikuwa linakata saa tisa usiku. Nikipiga simu naambiwa nipanguse vumbi kwenye paneli. Nimepangusa mpaka mikono imechoka. Machi akaja fundi wenu, mtu mwema, yeye sina neno naye. Alifungua kabati la betri akanyamaza. Mkataba unasema betri ya lithiamu. Iliyokuwemo ina vifuniko sita juu vya kuongezea maji. Betri ya lithiamu haiongezwi maji, Ndugu Meneja, hilo hata mimi muuza samaki nimelijua sasa. Fundi alinieleza kwamba hii ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, itachakaa upesi, wakati ya lithiamu ningeweza kuitumia mpaka ibaki kidogo na bado ikadumu miaka. Friza akalisifu: la kufungulia juu, kuta nene, linatumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, kile kifaa cha kubadili umeme wa betri uwe kama wa gridi, kwa hiyo halili umeme mwingi. Aliandika ripoti, nikatia sahihi. Ripoti hiyo mnayo. Mpaka leo kimya. Mmenikopesha betri ya bei kubwa, mkaniwekea ya bei ndogo, na mkopo nalipa wa ile kubwa!

Nirudi kwenye ile Jumanne, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Ofisa wenu aliposukuma mkono wangu, simu ilidondoka kwenye beseni la kuoshea samaki. Nikainama kuiokota mbele ya watu wote, mikono inatetemeka, maji ya samaki yananichuruzika mpaka kwenye viwiko, na yeye amesimama juu yangu anasoma deni langu kwenye karatasi kwa sauti: jina langu, kiasi nilichokopa, kiasi kilichobaki. Aliwasomea watu! Dada mmoja wa Nansio, ambaye alishanitangulizia fedha ya oda ya Jumamosi, akaniomba kwa upole nimrudishie. Nikamrudishia. Hajarudi tena. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa mlangoni, na usiku ule akaniuliza, "Mama, sugu maana yake nini?"

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mnilipe zile 376,000, na ofisa huyo aje aniombe radhi palepale mwaloni, mchana, watu wakiwepo. Mpangilio wa rejesho sikutaka kuugusa. Lakini nimekaa na mkataba wenu na kikokotoo. Nilikopa 3,600,000 kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi, nikaambiwa ni riba nafuu. Mnaikata kwenye deni lote la mwanzo kila mwezi, hata sasa ambapo zaidi ya nusu nimeshairudisha. Ndiyo maana nalipa 222,000 na jumla itafika 5,328,000. Kwa asilimia hizohizo 2, kama mngehesabu kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa karibu 190,000 na ningeokoa kama 760,000. Siku ya kusaini hakuna aliyefungua mdomo kunieleza tofauti hiyo.

Kwa hiyo sasa nataka na betri ya lithiamu iliyoandikwa kwenye mkataba, ifungwe na fundi yuleyule. Nataka riba ihesabiwe upya kwenye salio. Nataka barua yenye muhuri inayosema sijawahi kuwa mdaiwa sugu, na jina langu lisafishwe kokote mlikolipeleka. Kontrola mliirudisha tarehe 18 bila neno moja la pole, hiyo siihesabu kuwa fidia.

Nilipanga niwape siku 14. Jana mmenitumia ujumbe wa kunikumbusha rejesho la Mei, na faini ya kuchelewa kwa Aprili juu yake. Faini! Basi ni siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, risiti, picha za betri na majina ya mashahidi waliokubali kusimama vinakwenda Benki Kuu, kwa kuwa mnakopesha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vinakwenda Tume ya Ushindani kwa suala la betri, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa kusomewa deni langu hadharani. Wenye mafriza yenu hapa kisiwani tuko kumi na mmoja, na Jumapili tunakutana kwa mwenyekiti wa kijiji. Faini hiyo silipi.

Wenu,
Mteja wa friza, Ukerewe