Mwanangu, bega liache kwanza

Mwanangu, marahaba. Huku hatujambo, mama yako kaenda Mwaloni toka alfajiri kufuata dagaa ndo mana nimepata nafasi ya kukaa na simu, akinikuta ataanza mzee mzima unachati. Meseji yako nimeisoma yote. Huyo farasi wa kahawia anachechemea wiki ya tatu sasa na kila mtu hapo ana lake, bosi anasema bega, mwenzako anasema ni uvivu tu akipandwa, na fundi wa viatu vya farasi kaapa kazi yake aliifanya safi. Sasa we ndo saisi, mtunza farasi unaeshinda nae, kwa iyo wa kwanza kujua ilitakiwa uwe wewe.

Najua utasema baba wewe ni wa ng'ombe na punda wa Misungwi, farasi kawajulia wapi. Kweli huku kwetu farasi ni wa kutafuta kwa tochi, nchi ya mbung'o hiyo. Lakini chuoni tulisomeshwa, na mguu wa punda na wa farasi mpango wake ni mmoja, kidole kimoja kwato moja, na ugonjwa unakaa mule mule.

Bega liache kwanza. Watu wanalipenda bega kwa sababu wanaona hatua imekuwa fupi na baada ya muda nyama za pale juu zinanywea, wanasema si unaona, kumbe zimenywea kwa kuwa mguu hautumiki. Miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito wa farasi, na akichechemea mbele mara nyingi sana shida iko kwenye kwato. Bega lenyewe ni mara chache mno.

Ila hata kabla ya kwato hakikisha ni mguu upi, mana nimeona watu wanapaka dawa mguu usioumwa. Mwambie mwenzako amkimbize ile troti, mbio za polepole, mstari ulionyooka, ardhi ngumu, kamba ailegeze kabisa maana akimbana kichwa hutaona kitu. Troti ndo nzuri sababu miguu inapiga kwa jozi sawasawa. Kichwa kinapanda mguu mbovu wa mbele ukikanyaga, kinashuka ukikanyaga ule mzima. Kwa nyuma simama umuangalie makalio, upande mbovu nyonga inapanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Alafu kuna mtego hapa, mguu wa nyuma wa kushoto ukiuma sana unaweza kumfanya atikise kichwa kama vile anaumwa mguu wa mbele wa huo huo upande wa kushoto, kwa iyo usikimbilie kusema umeshaujua. Mzungushe pia kwa kamba ndefu kulia na kushoto, kwenye ardhi ngumu na kwenye mchanga, andika wapi anazidi.

Na hilo la uvivu mwambie mwenzako taratibu tu, asije akakuona unajifanya daktari. Farasi akiumwa kwato zote mbili za mbele kichwa hakipandi wala hakishuki, atauchechemea mguu upi na zote zinauma? Anafupisha hatua tu, anajikwaa, anakataa kugeuka, mpandaji anampiga kiboko. Hao ndo wanaoteseka muda mrefu.

Sasa mikono. Asubuhi kabla hajatoka bandani pitisha kiganja kwato zote, linganisha joto. Kisha nyuma ya kifundo cha chini, pembeni kulia na kushoto, weka vidole viwili kidogo kidogo usikandamize, utasikia mshipa. Kwa farasi mzima unautafuta kweli kweli, wakati mwingine unaukosa. Ukiukuta unagonga vidole wazi wazi kwenye mguu mmoja tu basi ndani ya kwato hiyo kuna moto, inaweza kuwa jipu, inaweza kuwa msumari wa kiatu umepita karibu mno na nyama. Uliniambia alivishwa viatu muda si mrefu kabla ya kuanza. Sisemi fundi kakosea, nasema muombe ang'oe msumari mmoja mmoja na wewe ukiwa umeshika mguu, kila ukitoka unautazama kama una unyevu au unanuka, na umtazame farasi kama anaruka ukigongwa huo. Kisha koleo la kwato, abinye kuzunguka soli yote na kisigino, akifika penye kidonda atauvuta mguu. Likiwa jipu likafunguliwa usaha ukatoka utashangaa kesho anavyotembea, ila uliza kama ana chanjo ya pepopunda, farasi na hicho kitu hawapatani kabisa.

Ikiwa joto na mshipa viko kwato zote mbili za mbele na anasimama kaegemea nyuma kwenye visigino, hiyo habari nyingine, muite daktari siku hiyo hiyo na nafaka ukate.

Kama kwato hazijasema kitu ndo inakuja kazi ya daktari na sindano za ganzi. Anaanza chini kabisa, anazima kisigino, mnasubiri kama dakika kumi, mnamkimbiza tena. Akiwa bado anachechemea anapanda juu kidogo, ni kama fundi umeme anavyozima swichi moja moja kutafuta penye shoti. Hawaanzi juu kwa sababu sindano ya juu inazima na vyote vya chini yake, hapo hutajua kitu. Na wakishuku mfupa umepata ufa ganzi hawachomi, atausahau uchungu aukanyage mguu uvunjike wote. Hata eksirei ufa mwembamba siku za mwanzo unaweza usionekane, wanarudia baada ya siku 10 hadi 14. Alafu bosi akiletewa picha yenye kasoro asishangilie haraka, farasi mtu mzima ukimpiga picha hukosi kitu, swali ni kama hicho kitu ndo kinachouma, na jibu lake ni ganzi. Mishipa ya kano haionekani kwa eksirei, hiyo ni ultrasaundi.

Dawa ya maumivu, fenilibutazoni na ndugu zake, mwambie bosi asimpe kabla daktari hajamuona, mtamuonyesha daktari farasi anayetembea vizuri na atalipwa kwa kuangalia hewa. Kama ameshapewa mtaje daktari kipimo na siku, usimfichie bosi wako.

Na kama anachechemea akipandwa tu, bila mtu yuko sawa, chukua tandiko upitishe mkono chini yake likiwa limefungwa, uone panapobana, na mgongo uukande polepole pembeni ya uti.

Nitumie video tatu, mbele, nyuma na ubavu, ile ya polepole, simu uishike wima isitikisike. Tuma usiku, bando langu la mchana limeisha na vocha nitaweka keshokutwa nikienda Buhongwa. Na ile hela ya kodi uliyosema, umelipa au bado?