Dani asitoke Kondele

Mhariri,

Barua mliyoichapa majuzi kuhusu Dani, sanamu ya mwanamke mwenye mtungi hapa Kondele, Kisumu, ilidai ni ya saruji. Si saruji. Ni jiwe la Kisii, lile linalochimbwa Tabaka, na ukimkwaruza chini kwa ukucha utabaki na unga mweupe kidoleni. Jiwe hilo huchongwa likiwa limelowa, kwanza kwa panga, kisha kwa kisu kidogo, halafu husuguliwa kwa msasa na maji. Goti lake la kushoto linang'aa kuliko mwili wote kwa sababu watoto wa mtaa huu wameiendeleza kazi ya msasa kwa viganja.

Dani kwa Kijaluo ni nyanya, nasi humwita hivyo. Habari zake nilisimuliwa na marehemu mama, aliyekuwa akinunua sukari kwa mwenye duka aliyekuwa naye kwanza. Mchongaji mmoja aliyeshuka na mzigo wake kwa basi alikopa unga na mafuta ya taa, akamwacha Dani rehani, asirudi tena. Mhindi mwenye duka akamweka mlangoni. Alipohamia Uingereza alimwachia fundi wa nguo aliyeshona pale verandani, naye akawa anamtundikia futi ya kupimia shingoni. (Ufa wa begani ni wa enzi hizo, siku meza ilipomwangukia. Gundi inaonekana mpaka leo.) Fundi alipofariki, mjane wake alimpa mzee wa mashine ya kusaga, na kwa miaka mingi Dani akawa na pua nyeupe kama aliyeonja unga kwa siri.

Hakuna aliyemnunua. Kila mmoja alipewa kwa sharti lilelile: akae nje, watu wanapopita.

Sasa ploti ya mashine inauzwa, na nasikia dalali kutoka Nairobi ameshampima urefu. Wanaosema serikali itamlinda waisome Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Kwa sheria hiyo, kifaa cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Dani ni msichana! Ni kweli waziri anaweza kutangaza katika gazeti rasmi kwamba kitu fulani kilindwe, ila kwa mwendo wa makaratasi yetu, lori litakuwa limeshaipita Ahero, likielekea Nairobi.

Wengine wanataka apelekwe Makavazi ya Kisumu. Ni mahali pazuri, lakini je, mtoto atalipa kiingilio ili ashike goti?

Namwomba mzee wa mashine, ninayemheshimu sana, amkabidhi jirani kabla hajatia sahihi karatasi za ploti. Mama wa kibanda cha chai mkabala naye ameshafagia nafasi kando ya jiko. Na yule aliyekuja na mkebe wa rangi ya dhahabu wakati wa Krismasi, tafadhali arudi nao kwao. Dani apakwe nta tu.

Mkazi wa Kondele,
Kisumu